Mdudu wa Tangini na Ndege wa Mami

Gitothua, 4 Mei 2025

Mami,

Habari ya huko kwako Landless? Natumai magoti yamepoa. Sisi tuko wazima, ila tumbo limekuwa kubwa hata viatu vyangu sivioni.

Tangu uondoke bila kumaliza chai, nyumba inanuka. Nilikukaripia vibaya, pole sana. Lakini niliposema kuna wadudu ndani ya tangi la choo, sikumaanisha uwamwagie dawa! Hao ni bakteria, ndio hula uchafu wetu wote. Tuliwaweka humo makusudi.

Unamsifu yule ndege mvumaji wa kwenye TV, mwenye koo jekundu, ambaye hata Kenya hayuko. Wangu nao ni ajabu. Elfu moja wakipanga foleni hawafikii urefu wa punje ya mchele.

Rudi, tafadhali. Mtoto ni mwezi huu, na sijui kumwosha.

Binti yako,
Ciku

Landless, 9 Mei 2025

Ciku,

Nimesoma. Magoti ni yale yale. Chakula unakula?

Nimelea watoto wanne bila kufuga wadudu. Sasa unalinganisha kitu cha chooni na ndege wa Mungu? Yule hafikii uzito wa shilingi, na moyo wake akiruka hupiga zaidi ya mara elfu kwa dakika. Usiku wa baridi anapoa, moyo unazubaa, ungeapa amekufa. Asubuhi huyo, anaruka! Nilipomwona nilisema, "Ngai, Mungu wangu!" na sufuria ikaungua. Wako anaweza nini?

Mamako

Gitothua, 20 Mei 2025

Mami,

Uko salama? Hukusema kama utakuja.

Ephantus, fundi wa tangi, alipita hapa. Anasema dawa yako iliua wengi, lakini kuna wa aina moja anaitwa basilasi. Mambo yakimwendea vibaya hujifungia ndani ya ganda akalala kama maiti, hata miaka. Tukamwaga maji mengi kuipunguza dawa, tukangoja. Leo harufu imeisha. Wameamka, Mami! Hawana moyo wala macho, na wamefanya yale yale ya ndege wako. Nilisimama juu ya kifuniko cha tangi nikalia kama mjinga.

Tena uchungu umeanza. Mume wangu anatafuta gari.

Ciku wako

Njiani, 22 Mei 2025

Ciku wangu,

Pole, mama. Mumeo Gachau amenipigia: ni msichana, na nyote mko wazima. Mungu asifiwe.

Habari ya huyo mdudu imeninyima usingizi. Nilidhani maajabu ni ya wenye mabawa tu. Kumbe Mungu anashuka hadi chooni, na mimi nikamwagia dawa!

Mtoto asioshwe na mtu mwingine ila mimi, nyanya yake. Nimepita Juja, karibu nafika kwenu.

Cucu wake