Spika Kwenye Tundu Silo

Baba,

Shikamoo. Naanza na habari yenyewe nisikuweke: Eli ameingia kwako. Jana Jumamosi jioni mwanao alipita uwanjani, akamwamkia Mama, akala, na amelala kwenye kitanda chake cha zamani. Asubuhi hii bado anakoroma. Nimekaa kibarazani nakuandikia maana moyo umekuwa mwepesi mpaka siamini kama ni wangu.

Tangu tukuzike ni miezi mitano. Siku ya mazishi Eli alikuja kutoka Mererani na vumbi la mgodini bado masikioni. Akatupa udongo wake, akarudi kusimama barabarani. Mjomba alipomwita aingie akajibu, "Baba alisema mguu wangu usikanyage kwake." Akaondoka bila kunywa hata maji. Uliyasema kweli, Baba, siku alipoacha chuo cha ualimu akafuata tanzanaiti. Miaka yote uliyolinda wanyama hifadhini Momela hukuwahi kumfokea hata nyani aliyekuibia chakula, lakini mwanao ulimfukuza mbele ya watu.

Mimi peke yangu nilihisi umeyafuta. Wiki mbili kabla hujatuacha uliniomba redio kaseti, ukanitoa chumbani, ukaongea humo peke yako. Kisha ukanipa kaseti ukasema, "Mpe Eli mkononi. Usimpe mtu ampelekee." Lakini Eli alikuwa akihama shimo moja hadi jingine, na kila nilipotuma ujumbe niliambiwa ametoka jana.

Nikaona si vizuri kukaa na kaseti moja tu. Ile ofisi ya kuchapa barua pale Ngarenaro, ninakofanya kazi na Salma, siku hizi ina kompyuta. Taipureta ziko stoo. Mchana mmoja Salma alipokwenda kuswali, nilivuta waya kutoka kwenye redio kaseti hadi nyuma ya kompyuta ili sauti yako iingie humo. Spika nilizichomoa kwanza, wateja wasisikie mambo yako. Nikaona mistari inapanda na kushuka kwenye kioo, nikajua unaongea. Ulipomaliza nikarudisha nyaya zote. Halafu, wakati narudisha kaseti nyuma, redio ikautafuna utepe. Ulitoka umekunjamana, umekatika vipande vipande. Sikuhangaika sana. Si upo kwenye kompyuta?

Kesho yake nikafungua nikusikie kidogo. Kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya.

Baba, niliketi sakafuni. Neno la mwisho ulilomwachia mwanao, nimelipoteza kwa mkono wangu. Siku tisa sikumwambia mtu. Mama aliniuliza mbona sili, nikasingizia malaria. Halafu Eli akapiga simu ofisini, kwamba ujumbe umemfikia, Jumamosi atapita mjini. "Dada, una nini cha kunipa?" Nikamwambia njoo tu.

Nilipoweka simu chini nikamweleza Salma yote. Nilitegemea anigombeze. Akaniuliza tu, "Spika ulizirudisha wapi?"

"Pale pale."

"Pale pale wapi? Kuna matundu matatu."

Ni kweli, yapo matatu kule nyuma, yote meusi, yote yanafanana, na kando ya kila moja kuna alama ndogo iliyochongwa ambayo huwezi kuiona hivi hivi. Ofisini tunachapa barua tu, hakuna anayehitaji sauti, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Salma akatoa kioo cha kujitazamia kwenye mkoba wake, akakipitisha kule nyuma, mimi nikashika tochi. Spika nilikuwa nimezichomeka kwenye tundu la kipaza sauti. Hilo ni la kuingizia sauti, Baba. Hakitoki kitu hapo hata ungengoja mwaka. Salma akachomoa, akachomeka tundu la jirani yake.

Ukakohoa. Kile kikohozi chako cha kabla ya kusalimia watu kanisani. Kisha ukasema, "Eli, ni baba yako."

Nikazima hapo hapo. Mimi na Salma tulishikana, tukacheka na kulia kwa pamoja, mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akauliza kama arudi baadaye.

Jumamosi Eli akaja. Amekonda, ndevu zimejaa. Nikamkalisha kwenye kiti changu. Salma akachomoa spika, akachomeka hedifoni kwenye tundu lile lile, akamvalisha, kisha akajifanya anakwenda kununua karatasi. Nikabaki namtazama mdogo wangu. Mwanzoni alikaa tu kama mtu anayesubiri kunyolewa. Baadaye akaweka viganja vyote viwili juu ya hedifoni, akazikandamiza masikioni. Mimi sikusikia hata neno moja. Ulipomaliza akaomba nirudishe mwanzo. Akasikiliza tena yote.

Akazivua, akasema, "Anasema nirudi nyumbani. Anasema alikosea kunisema mbele ya watu."

"Na mengine?"

"Mengine ni yangu, Dada."

Mama alipomwona alimshika mikono, akaigeuza akaona yale malengelenge, akamwambia anawe, kiporo cha ndizi kinapashwa moto. Eli alikula sahani mbili.

Nisikudanganye: kesho anarudi Mererani. Jiwe bado limemkaa moyoni. Lakini amemwambia Mama kila mwisho wa mwezi atakuja, na jana hiyo hiyo amekwenda peke yake kaburini kwako, amekaa huko mpaka Mama akanituma nikamwite. Nilimkuta anang'oa majani. Sikumwita. Niliinama nikasaidia.

Baba, aliyosema ni yake nimemwachia. Nakuahidi sitayafungua kuyasikiliza, hata siku nikikukumbuka mno. Na Mama tutamtunza, safari hii tukiwa wawili.

Namsikia ameamka, anauliza kama kuna chai. Acha nikammiminie. Pumzika, Baba yangu.

Binti yako,
Ndeshi