Jina lililokwama mdomoni

Mjukuu wangu Furaha,

Huku Kinanira tuko wazima. Goti la bibi yako limepona, na dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Unasema walimu wako wa saikolojia hawapatani. Mmoja anataka ile nafsi inayosema "mimi" iimarishwe ili imwongoze mtu. Mwingine anasema hiyo ni sura ya nje tu, ukweli uko chini, tusikokujua. Unaniuliza nani ana haki.

Nilipoletwa huku nikiwa mdogo kutoka Kongo, mjomba, muuza vitenge wa mtaa wa Jabe, aliniandikisha shuleni kwa jina la huku, Niyonzima. Maneno mengine yote niliyasema vizuri, ila hilo lilinikwama. Mwalimu alisema, "Jikaze, rudia." Nilirudia mwaka mzima, bure. Mke wa mjomba akasema, "Huyu mutoto apana mgonjwa. Kuna kitu ulimi wake unakataa."

Ndipo nikagundua kwamba nimelisahau jina la marehemu baba yangu. Nikaenda dukani, nikiogopa kumuudhi mjomba.

"Mjomba, baba aliitwa nani? Mi siondoki hapa bila kujua."

Alikunja kitenge polepole, kisha akasema, "Byamungu."

Kesho yake nikasema darasani, "Niyonzima Byamungu," bila kukwama. Bado nakwama kidogo nikikasirika, bibi yako shahidi. Ulimi ulijua kabla yangu, lakini kwenda dukani niliamua mimi. Kwa hiyo wasikilize wote wawili, na usiogope kuwauliza.

Jina hilo, Byamungu, ndilo unaloandika leo kwenye madaftari yako.

Babu yako