Baba Apimwa Upinde Mrefu

Wickenhay, Cheshire,
Jumatatu ya Pentekoste, 1449.

Mpendwa Kaka Wymond,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Calais? Kile kikohozi kimepona? Sisi hatujambo, isipokuwa Baba, ambaye anaumwa aibu.

Unamkumbuka Piers, fundi viatu, yule mfupi. Ameniposa, nami nampenda hata nasahau chumvi kwenye uji wa mbaazi. Lakini Baba alimtaka Randal wa kinu, kwa kuwa ni mrefu. Tangazo la ukaguzi wa silaha lilipomtaka kila mwanamume aje na "upinde mrefu", Baba akaapa mbele ya kanisa zima kwamba ataniozesha kwa mwenye upinde mrefu kuliko wote. Nililia siku tatu.

Jana baada ya misa tulikwenda uwanja wa shabaha. Upinde wa Randal ulimpita kichwa kwa shubiri nzima. Wa Piers ulimfikia Randal kwapani. Baba akacheka. "Huo nao mrefu, au mwiko? Randal, karibu, mkwe wangu!"

Ndipo Bi Emmota, mjane anayetuchongea pinde, akaja juu. "We Hamo, acha ushamba! Si siku zote tulisema upinde tu? Hilo 'mrefu' wameliongeza makarani juzi, wasiuchanganye na ule mfupi wa mtambo, unaofyatuliwa. Mrefu maana yake usimame sawa na mwenyewe. Haya, kila mtu apimwe na wake!"

Wa Piers ulikuwa sawasawa na utosi wake. Randal alijaribu kuuvuta wake, kamba ikagoma mbele ya pua, isifike sikioni. Baba bado akabisha! Bi Emmota akautwaa upinde wa Baba mwenyewe, ule aliokata ncha ulipopasuka, akamsimamishia. Ukaishia kidevuni.

Watu walicheka hadi padri akakaa chini. Mama akauliza kwa upole, "Kumbe, Hamo, miaka yote hii mimi nimeolewa na nani?"

Baba akamshika Piers mkono. "Mchukue, mwanangu. Mchukue upesi, kabla mama yake hajarudi kwao."

Basi ndoa itatangazwa Jumapili. Kaka, nina furaha mno, omba ruhusa uje.

Shangazi Sibota na mdogo wetu Tibbot wanakusalimu. Mungu akufunike kwa mkono wake. Ukija, usitaje neno "mrefu" humu ndani. Leo asubuhi Baba ameazima ngazi kwa jirani, akaomba "ile isiyo fupi".

Ni mimi dada yako, nikupendaye,
Isolda