Gitaa la Shingo Nyembamba

Kaka yangu,

Huku wazima. Mama amepaka ukuta wa jikoni rangi ya kijani na anajisifu mwenyewe.

Gitaa nimelipata, dogo, linaingia kwenye begi lako la safari. Ila umeagiza shingo nyembamba, wewe uliyekuwa ukizibeza! Nikamuuliza fundi wa magitaa shingo hiyo inamfaa nani. Akajibu, "Mwenye kiganja kidogo, au aliyepungukiwa kidole."

Kiganja chako ni sinia, kaka, na kazini kwako kuna misumeno.

Kwa kuwa hukusema ni kidole kipi, nimelijaribu nikikunja kimoja baada ya kingine. Wimbo anaoupenda mama unapigika vilevile. Yeye sijamwambia.

Ni mimi mdogo wako, nimenuna lakini nakusubiri.