Akina Mama Waliopotea Kwenye Jedwali

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mvua tangu asubuhi. Nimeanza kuunganisha programu mpya ya kliniki na kanzidata ya zamani, ile aliyoiacha mtangulizi wangu Lazaro alipohamishiwa Katavi. Miaka sita ya wajawazito wa kituo chetu – 3,412.

Natumia ORM, programu ya kati inayozungumza na kanzidata kwa niaba yangu. Sihitaji kuandika SQL, lugha ya kanzidata, mstari kwa mstari. Naieleza programu "Mama" ni nani – jina, kijiji, simu, kundi la damu – nayo inakwenda yenyewe kumtafuta kwenye jedwali. Nimemwahidi mganga mfawidhi siku nne. Mdomo wangu huu.

Mchana Sista Esnath wa kliniki akaja. Gari linakwenda Mbeya Alhamisi kuchukua dawa, linarudi Ijumaa. Anataka majina ya wajawazito wote wenye damu hasi (Rh), waagiziwe sindano ya kuzuia damu ya mama isimshambulie mtoto. Kadi zimelowa, paa lilivuja Februari. Anayemhangaisha zaidi ni binti mmoja wa Nkunga, Atupele, mimba ya kwanza. Anaikumbuka sura, simu yake hana. Akasema aliwahi kumhudumia mama wa Masukulu aliyezika watoto watatu mfululizo kwa kukosa sindano hiyo.

Nikamwambia kesho utapata orodha, Sista.

Jumanne, 11 Machi

Imeunganika. Hakuna kosa hata moja. Nikaiuliza akina mama wako wangapi.

Sifuri.

Nikauliza tena. Sifuri. Jana niliipa amri ya kutengeneza majedwali kama hayapo – je, imefuta yaliyokuwepo? Na nakala sikuweka. Mimi, ninayewahubiria wenzangu nakala kila siku.

Nimempigia Lazaro. Anasema nakala ilikuwa kwenye flashi, droo ya pili. Droo ya pili ina stepla na kandambili moja.

Sikutaka Sista asikie kwa mtu mwingine. Nikaenda mwenyewe, nikamwambia huenda nimefuta kila kitu. Alikuwa anapima presha. Akamaliza, akaandika, ndipo akaniuliza kama nimekula. Sijala. Akanipa viazi na chai. Akasema, "Huenda hujafuta, Doreen. Nenda kaangalie vizuri, nitakuombea."

Nimeogopa kuangalia. Nimezima kompyuta kabla ya saa kumi.

Jumatano, 12 Machi

Wapo! Wapo wote!

Leo ORM nimeiweka pembeni, nikafungua kanzidata yenyewe. Nikaomba orodha ya majedwali. Kuna "mama". Na chini yake kuna "mamas".

ORM yangu inajua Kiingereza tu. Kitu kikiwa kimoja kinaitwa "Mama", basi inaamini jedwali la vingi litaitwa "mamas". Haikuliona, ikatengeneza jipya, tupu, ikawa inasoma humo. Lile la Lazaro haikuligusa. 3,412, mmoja mmoja na kijiji chake.

Nimekaa nikacheka peke yangu mpaka Andrea wa maabara akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Nikamwambia ni herufi moja tu. Akaondoka.

Nakala kwanza – tatu. Kisha mstari mmoja wa kuieleza ORM kwamba jedwali linaitwa "mama", basi. Nikaomba wajawazito wa sasa wenye damu hasi. Saba. Wa nne: Atupele, Nkunga, wiki ya ishirini na nane. Na simu.

Sista akapiga palepale. Akapokea mama mkwe wa Atupele, Kiswahili kikamshinda, Sista akahamia Kinyakyusa. Sikuelewa zaidi ya "ndaga", asante. Akakata simu, akanishika bega. Sindano saba zimeagizwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelala saa tisa mfululizo. Gari limeondoka na orodha yangu.

Ijumaa, 14 Machi, saa nane mchana

Atupele yuko kwenye benchi nje ya kliniki. Mdogo kuliko nilivyodhani, gumboti zimejaa tope. Ameniuliza kompyuta ilimjuaje. Nikasema ulijiandikisha mwenyewe, dada, sisi tulikuwa tunatafuta sehemu isiyo yako. Akatabasamu kwa heshima tu.

Dereva amepiga simu, amefika Kiwira akirudi, sindano ziko salama ndani ya boksi la barafu.

Nilikuwa nafunga kompyuta, moyo mweupe kabisa, Sista akauliza kitu: wale ambao damu yao haikupimwa, mashine inawaweka wapi? Sikuwa nimefikiria. Nimeiuliza. Walio na mimba sasa, ambao sehemu ya kundi la damu iko wazi – arobaini na mmoja.

Sista amevuta kiti karibu yangu, amevaa miwani, amefungua daftari.

"Nisomee namba za simu, waje wapimwe," amesema.

Ya kwanza inaita.