Mstari wa Maji Matupu

Mjukuu wangu Nadine,

Mgongo unauma, lakini bado nabeba mchanga hapa Bujumbura. Shangazi yako huko nyumbani amejifungua salama. Umeniuliza kwa nini profesa wenu anaacha miche mingine ife bila ile dawa ya protini fupi mnazobuni kuua bakteria.

Wakati wa vita nilitunza nyanya za majaribio huko Ruziba. Madamu mmoja mtafiti, mwenye majaribio hayo, alikuwa na dawa kama yenu, chupa moja iliyotoka mbali. Aliniagiza mstari mmoja niunyunyizie dawa, wa pili maji matupu. Wa pili ulipoanza kutoka madoa, niliuonea huruma, maana watu walikuwa na njaa. Nikaupa dawa kwa siri.

Siku ya kupima, Madamu alishangaa. "We Salvatori, mbona yote inafanana?"

"Ni Mungu, Madamu."

"Basi ugonjwa umepita wenyewe. Dawa haikufanya kitu."

Akaandika hivyo, na chupa nyingine haikuletwa. Msimu uliofuata nyanya za Ruziba zilioza shamba kwa shamba. Mimi ndiye niliyeajiriwa kuzing'oa.

Mwagia miche mingine maji matupu, mjukuu wangu, hata mkono ukikataa.

Babu yako,
Salvatori