Kwa Nini Nilikukemea kwa Simu

Kapsoit, Jumapili baada ya ibada

Mpendwa Tata,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyekuweka hai, na hilo neno hai naliandika nikimaanisha. Magoti yanaendeleaje na hii baridi? Ng'ombe ameshazaa? Sisi huku tuko sawa, mvua iko, chai iko, mgongo ndio unalalamika.

Nimesikia unauliza watu kama Kwamboka ameharibika kichwa, kwa vile anampigia baba yake simu na kumkemea kwa jina la Yesu. Wacha nikueleze. Kwa simu siwezi, nitacheka.

Unakumbuka laptop mjukuu wako Onchari aliniachia alipoenda kazi? Ndiyo yenye sauti ya marehemu mama akiimba, ile tulirekodi jikoni kwako, na haiko mahali pengine popote. Wiki jana ikaanza kulia ndani ka, ka, ka, kama kuku anatafuta pa kutaga. Nikaiwekea mikono, nikaomba. Ikazima kabisa. Nikaipeleka kwa Chelangat, fundi wa kompyuta hapa sokoni.

"Mama Onchari, maombi ni sawa," akasema, "lakini diski imechoka. Nitaweka mpya, nipige programu upya, halafu nione kama vitu vya zamani vitatoka."

Jumanne niko kwa chai nachuma, kikapu mgongoni, simu ikalia.

"Mama Onchari, pole. Tata imeenda."

"Imeenda wapi?"

"Imekufa. Nafikiri ilikuwa inakufa polepole tangu Jumapili."

"Uui! Na hakupelekwa hospitali?"

"Hospitali ya nini, mama? Nimefungua mwenyewe nikaangalia ndani."

"Umemfungua tata!"

Nikaanguka kwa majani. Wenzangu wakashusha vikapu, wakaanza wimbo wa msiba, hata msimamizi akavua kofia. Sikujiuliza Chelangat angekujuaje wewe uliye Nyamira. Na hiyo "imekufa" sikuishangaa, maana huku mtu, ng'ombe na sufuria vyote vinakufa kwa "i".

Kutaka kumpigia kaka, nikakosea nikakupigia wewe. Ukakohoa, ukasema, "Kwamboka, nini?" Nikajua ni pepo amechukua sauti yako. Nikakemea, nikakata. Ukapiga tena, nikakemea tena. Mara ya tatu ukanitukana vile hakuna pepo anaweza, nikajua u mzima.

Kumbe Chelangat ni Mkipsigis, "d" kwake mara nyingine hutoka "t". Alikuwa anasema data, yaani vile vitu vyote vilivyowekwa ndani ya diski. Nilipomwambia kwetu tata ni baba, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaivuta laptop karibu. "Basi hii lazima nijaribu tena," akasema.

Jana akaniita. Laptop inawaka mara moja kama taa. Picha zote zimepotea, Tata, hata za harusi. Lakini wimbo wa mama umetoka.

Nisalimie kaka Ombati, mwambie ni yeye nilikuwa natafuta. Na shangazi Bosibori anayekupikia, Mungu amwongezee nguvu.

Katikati ya ubeti wa pili wa mama, unakohoa. Zamani nilimsumbua Onchari akiondoe hicho kikohozi. Sasa Chelangat ameniuliza kama akitoe, ni kazi ya dakika moja. Nimemwambia asikiguse.

Ni mimi binti yako, akili timamu,
Kwamboka